Shangazi Mbudha wa Kitendaguro

Shangazi yangu aliposhuka kwenye ndege pale Bukoba, watu waliokuja kupokea wageni wao waligeuka kumtazama. Alikuwa amenyoa kipara, amevaa joho la rangi ya tofali lililomfika kwenye vifundo vya miguu, na mikononi alikuwa na mwavuli na mfuko wa vitabu. Dereva mmoja wa teksi aliniuliza kwa sauti ya chini kama yule mama ni mgonjwa. Nikamwambia ni profesa. Akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba nimemtajia ugonjwa wenyewe.

Nyumbani Kitendaguro, Bibi alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Yeye ndiye mama mzazi wa Shangazi na wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyebaki kuwa mkubwa wa ukoo wetu. Alimtazama binti yake akipanda ngazi, akamtazama kichwa, kisha akanigeukia mimi.

"Nani amekufa?"

Kwetu mwanamke akinyoa hivyo, watu hutafuta msiba uko wapi. Shangazi akapiga magoti mbele yake.

"Hakuna aliyekufa, Mawe," alisema, kwa neno la Kihaya tunalomwitia mama. "Watawa wa Kibudha ndivyo tulivyo. Tunanyoa."

"Ungesubiri nife kwanza," Bibi akasema, "ungepata sababu." Kisha akakishika kile kichwa kwa mikono miwili na kukipapasa kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua boga sokoni. Mwishowe akatamka kwamba kimekaa vizuri, kimefanana na cha Babu.

Nieleze kidogo alifikaje huko. Babu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, mtu wa nidhamu, na alipomtafutia binti yake mdogo shule nzuri hakuona nyingine isipokuwa ya masista wa Kikatoliki kule Kashozi. Alimpeleka shingo upande, akamwagiza asome kila kitu isipokuwa katekisimu. Shangazi akasoma kila kitu, katekisimu ikiwemo. Kwa miaka kadhaa hofu kubwa ya nyumba yetu ilikuwa kwamba atakuwa sista. Alipomaliza na kwenda chuo kikuu kusomea historia, Babu alitoa shukrani kanisani. Hakujua kwamba historia ndiyo ingempeleka Sri Lanka, kufanya utafiti juu ya wanawake na dini, na kwamba huko huko angevaa joho.

"Nilimkataza asiwe sista wa Roma," Bibi aliwaambia majirani kwa miaka mingi. "Kumbe nilipaswa kutaja na miji mingine."

Kwa wasomi wa mambo hayo, Shangazi ni mtu mkubwa. Kule alikokwenda wanaume wamekuwa watawa kamili tangu kale, lakini safu ya watawa wa kike ilikuwa imekatika karne nyingi zilizopita, na wazee wa dini walisema iliyokatika haiungwi. Yeye na wenzake wachache walisimama wakasema inaungwa. Aliandika vitabu, akajibizana na wazee hao kwenye mikutano, akapokewa utawa kamili, Mwafrika peke yake katika kundi lake, na baadaye wanawake wa Kibudha wa nchi nyingi wakamchagua awe mwenyekiti wa umoja wao. Haya yote niliyasoma mwenyewe kwenye mtandao. Nyumbani alikuwa yule asiyeleta mkwe.

Jioni ya kwanza nilimwomba amweleze Bibi kazi yake. Alifikiri kidogo, akaonyesha kibanja chetu cha migomba nyuma ya nyumba.

"Mawe, chukua mgomba wako ule mzuri. Kabla haujafa, dada yako wa Kashozi alikuja akachukua chipukizi, akapanda kwake. Miaka ikapita, wako ukafa. Unaweza kusema mgomba huo umeisha duniani?"

"Nitakwenda Kashozi kuchukua chipukizi."

"Na watu wakisema hilo la Kashozi si lako tena?"

"Nitawauliza walilipata wapi."

"Hiyo ndiyo kazi yangu. Watawa wa kike wa kisiwa kile walipeleka utawa nchi nyingine zamani sana. Kwao ukafa, kule ukabaki. Sisi tulisema twende tukauchukue."

Bibi alingoja aendelee. Alipoona maelezo yamekwisha, aliuliza kwa upole, "Hilo ndilo lililokuchukua miaka yote hiyo?"

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la joho. Nadhani hakuna mpinzani wake yeyote aliyewahi kumuuliza swali gumu kama hilo.

Alikuja kumtunza mama yake kwa msimu mmoja wa mvua, na shida ya kwanza ikawa chakula. Watawa wa aina yake hawali baada ya saa sita mchana hadi kesho yake alfajiri. Sasa mtu amfikirie mama wa Kihaya aliyemsubiri mwanawe miaka na miaka, halafu mwana anakataa chakula cha jioni. Wanakwaya wenzake Bibi walifika saa nane na ndizi zilizofunikwa kwa majani, maharage yakifuka moshi. Shangazi akaunganisha viganja, akainama, akasema ameshakula. Waliondoka wakinong'ona. Mmoja alisema amekula kiapo, mwingine akasema anaogopa sumu, na wa tatu, aliyekuwa mkarimu zaidi, akasema huenda ni meno.

Bibi hakuvumilia. Alitangaza kwamba katika nyumba hii chakula cha mchana sasa ni saa tano, na asiyefika atakuta sufuria limeoshwa. Ukoo mzima ukajipanga upya. Jumapili, mahubiri yakipita saa nne na nusu, Bibi alianza kukohoa pale kwenye kiti cha mbele, na mchungaji, ambaye ni mtu mwelewa, alijifunza kumaliza.

Kisha msimu wa senene ukaingia. Kwa asiyetufahamu, senene ni wadudu jamii ya panzi wanaokuja na mvua za mwisho wa mwaka, na mtu wa Kagera aliye mbali na nyumbani huwaota usingizini. Zamani wanawake waliwakusanya, wakawanyonyoa mabawa, wakawakaanga, na wasiwale. Walikuwa chakula cha wanaume. Bibi alinisimulia kwamba Shangazi akiwa mtoto aliliona hilo kuwa dhuluma. Aliiba konzi moja kutoka kwenye kikaango cha babake akajificha migombani, na alipokamatwa akauliza mbele ya wageni ni aya gani ya Biblia inayosema senene ni wa wanaume. Babu, aliyeijua Biblia kuliko wote, alitafuta mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo wanawake wa nyumba yetu wanakula.

Asubuhi moja ndugu zetu walituletea senene wa kutosha, bado hai, kwenye kiroba. Tukaketi barazani kunyonyoa. Shangazi akakaa pembeni, mikono mapajani.

"Huwezi hata kutusaidia?" Bibi akauliza.

"Siwezi kuua, Mawe. Niliapa."

"Uliiba kwa sababu tulikunyima. Leo tunakupa, hutaki."

"Sehemu yangu ni ipi?"

Bibi akamjazia beseni dogo, akalifunika kwa kanga. Shangazi akanyanyuka nalo kwa heshima, akashuka kibanjani, akasimama katikati ya migomba, akasema maneno fulani ya kuwatakia heri, kisha akafunua. Senene wakaruka huku na huku, kijani na kahawia, kwa namna nzuri kweli. Kuku wa jirani walikuwa nyuma ya mgomba wa pili. Sijawahi kuona kuku wakikimbia vile. Shangazi alipunga joho, akawafukuza kushoto, wakazunguka kulia, na kwa muda mfupi tu yule profesa aliyewashinda wazee wa dini alikuwa anakimbizana na jogoo akimsihi kwa Kihaya. Bibi alicheka mpaka nikamshika asianguke kitini.

Kesho yake, kabla ya saa tano, Bibi aliweka mezani kisahani cha senene waliokaangwa.

"Mimi sili waliouawa kwa ajili yangu," Shangazi akasema, taratibu, kwa sauti ya darasani.

"Hawa hawakuuawa kwa ajili yako. Wameuawa kwa ajili ya mama wa jirani, akala akashiba, akanipa waliobaki."

Nilimwona Shangazi anatafuta kanuni, kama babake alivyotafuta aya. Kwa sheria za utawa wake, mtawa hupokea anachopewa ikiwa hakikuuawa kwa ajili yake, na Bibi sijui alilisikia wapi hilo; mimi nilikuwa nimemsomea kidogo kutoka kwenye simu, lakini si mengi. Shangazi akachukua senene mmoja, akatafuna macho yamefumbwa. Akachukua wa pili. Kisahani kilipoisha aliinua uso akasema mjadala huo utaendelea. Bibi akasema hana haraka.

Wanakwaya walipoona haumwi wala hajala kiapo kibaya, walianza kuja Jumamosi kujifunza "kukaa kule", yaani kutafakari. Mikeka ilitandikwa kwenye banda la kahawa. Shangazi aliwaambia wasibadili dini, wafuate tu pumzi zao, na kila mmoja amwombe Mungu wake akitaka. Mchungaji alikuja kukagua. Wakamwekea kiti mbele, kama kawaida, na Shangazi akamwomba kwa adabu aketi mkekani kando ya wengine kwa sababu hakuna mbele. Alikaa. Baada ya muda tulisikia anakoroma. Alipoamka alitamka kwamba haoni ubaya wowote katika jambo hili, na akauliza Jumamosi ijayo wanaanza saa ngapi.

Shangazi alitaka kundi lichague kiongozi wake, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoipigania maisha yake yote: wanawake wajiongoze. Kila aliyetajwa alikataa. Mwishowe wakamchagua Bibi, ambaye hakuwahi kumaliza kikao bila kusinzia, wakatoa sababu kwamba ndiye anayetulia kuliko wote.

Katikati ya raha hizo kulikuwa na kidonda ambacho hatukukigusa. Shangazi ana dada, tumwitaye shangazi mkubwa, aliyeolewa Muleba, kwenye familia ya Kikatoliki karibu na Rubya, na yeye akafuata dini ya mumewe. Kwa miaka mingi alikuwa hazungumzi na mdogo wake. Sababu haikuwa joho. Babu alipofariki, Shangazi hakuja kumzika.

Basi ikaja habari kwamba shangazi mkubwa ameteleza kibanjani kwenye tope, amevunjika mkono na kuumia nyonga, amelazwa Rubya. Bibi alimwita binti yake mdogo.

"Nenda ukamwone mwenzako."

"Atanifukuza, Mawe."

"Hawezi kutembea. Atakufukuzaje?"

Nikachukua gari langu dogo, tukaenda. Wodini shangazi mkubwa alikuwa kitanda cha karibu na dirisha, mkono wa kulia kwenye plasta ngumu, wa kushoto una dripu. Alipotuona alinisalimu mimi, akauliza habari za watoto wangu na za shule ninayofundisha, kisha akageuza uso ukutani.

Shangazi akavuta kiti, akakaa. Hakusema neno. Shangazi mkubwa naye hakusema. Nilitamani kucheka, maana kukaa kimya ndiyo kazi ya mwenzake. Ikiwa alidhani atamshinda kwa kununa, alikuwa amekosea mtu.

Alasiri shangazi mkubwa alitaka kusali rozari yake. Alijaribu kuivuta chini ya mto kwa ule mkono wenye dripu, ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Shangazi akainama, akaiokota, akaifuta kwa joho.

"Nikushikie?"

"Utaijua wewe?"

"Nililala miaka minne Kashozi kitanda kilichopakana na kanisa. Hata nikitaka kusahau siwezi." Akashika msalaba. "Tunaanza. Matendo ya furaha."

"Leo ni Alhamisi," shangazi mkubwa akauambia ukuta.

"Ndiyo. Alhamisi ni furaha."

"Alhamisi ni mwanga."

"Mwanga upi?"

"Matendo ya mwanga. Yameongezwa."

"Nani ameyaongeza?"

"Papa. Siku nyingi."

"Hawakuniambia."

"Ungekuwa nyumbani ungeambiwa."

Niliangalia viatu vyangu. Shangazi alikuwa ameshika ile rozari bila kuisogeza.

"Basi nitajie wewe," akasema hatimaye, "mimi nitafuata."

Shangazi mkubwa akageuza uso kutoka ukutani. Akataja tendo la kwanza, ubatizo wa Yesu mtoni Yordani, na Shangazi akaanza Salamu Maria kwa sauti ile iliyozoea kumbi kubwa. Kitanda cha pili kikaitikia. Kisha cha tatu. Kufikia fungu la pili wodi nzima ya wanawake ilikuwa inaitikia, ikiongozwa na Mbudha mwenye kipara aliyezaliwa kwa mwinjilisti wa Kilutheri. Muuguzi aliingia na trei, akasimama, akafanya ishara ya msalaba, akatazama joho, akalitazama tena, akaendelea na kazi.

Tulipomaliza, mama wa kitanda cha pili alimwamkia Shangazi. "Sista, samahani, wewe ni wa shirika gani?"

Kabla hajajibu, shangazi mkubwa akadakia. "La mbali," akasema. "Hamlijui."

Lilikuwa neno la kwanza la kumtetea mdogo wake kwa muda mrefu, hata kama lilikuwa nusu ya ukweli. Jua lilikuwa limeanza kushuka kwenye migomba ya nje, na ndugu wa wagonjwa walikuwa wanaingia na vyakula vyao. Shangazi mkubwa akauliza, bila hasira safari hii, lile lililomkaa rohoni juu ya baba yao.

"Ulikuwa wapi tulipomzika Tata?"

"Nilikuwa nimeshanyoa," Shangazi akajibu. "Habari ilinifikia wiki ile ile niliyovaa joho. Niliogopa nikija mtanizuia nisirudi."

"Tungekuzuia."

"Najua."

"Mimi ningekaa juu ya pasipoti yako."

"Najua, dada. Ndiyo maana sikuja. Na nimejuta kila siku, na ningefanya vile vile. Sijui nikuambieje zaidi ya hapo."

Machozi yalimtoka shangazi mkubwa, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na shughuli, Shangazi akamfuta kwa pindo la joho. "Kitambaa chenyewe kigumu," shangazi mkubwa akalalamika. "Mnashonewa na nani huko?" Wakaanza kuzungumza juu ya kitambaa, kisha juu ya magoti yao, kisha juu ya Babu, na mimi nikatoka nje kutafuta chai.

Alipotolewa hospitali tulimleta Kitendaguro apate nguvu. Hivyo kwa wiki kadhaa Bibi alikuwa na mabinti wake wote wawili chini ya paa moja, mmoja Mkatoliki, mmoja Mbudha, naye Mlutheri katikati kama mwamuzi wa mpira. Jumapili niliendesha gari makanisa mawili. Watawa wa aina ya Shangazi hawapiki wala kulima, kanuni ambayo shangazi mkubwa aliamini mdogo wake ameitunga mwenyewe. "Hata utotoni alikuwa hivyo," aliniambia. "Zamu yake ya kuosha vyombo ikifika, anasoma." Lakini kufagia anafagia, na alifagia uwanja wetu mpaka majirani wakaanza kuona aibu kwa wa kwao.

Kulikuwa na siku ngumu pia. Mzee mmoja wa ukoo alikuja kusema kwamba mwanamke asiyezaa na asiye na kanisa hawezi kusemea ukoo kwenye kikao kilichoitishwa kuamua mpaka wa kibanja chetu. Nilitazamia Shangazi amjibu kama anavyojibu wasomi. Alimsikiliza tu, akamimina chai. Ni shangazi mkubwa aliyejibu, kwa Kihaya cha kasi ambacho siwezi kukiandika hapa, na yule mzee akamaliza chai yake upesi. Kwenye kikao Shangazi alisema, akasikilizwa, na mpaka ukabaki pale Babu alipouacha.

Msimu ulipoisha alirudi kuongoza mkutano wa wanawake wake wa Kibudha. Nilidhani hatutamwona tena kwa miaka. Akarudi mvua zilizofuata, na zilizofuata tena. Chuo chake kimemruhusu afundishe nusu mwaka tu, na Jumamosi banda la kahawa hujaa hata akiwa hayupo, kwa kuwa mke wa mchungaji amejitolea kusaidia uongozi Bibi akiwa amesinzia.

Kila mwezi anapokuwa hapa nampeleka Rubya kwa dada yake. Tunatoka mapema ili wawahi kula pamoja. Njiani huniahidi kwamba leo atanieleza vizuri jinsi ya kuwa macho kwa kila pumzi, jambo ambalo watu husafiri kutoka nchi za mbali kuja kulisikia kwake. Huanza vizuri. Tukishapita mji wa Muleba kichwa chake huegemea dirisha, mdomo huachama, na mimi hupunguza mwendo kwenye mashimo asije akaamka.